Vumbi la betri: shajara ya kusafisha nyua za nyumba kumi na moja

Mtaa wetu uko kusini mwa Dar es Salaam, si mbali na bahari. Kwa miaka isiyopungua kumi na miwili palikuwa na tanuri nyuma ya nyumba ya 3: betri chakavu za magari zinapasuliwa kwa shoka, maji ya betri yanamwagwa chini ya mwembe, madini ya risasi yanayeyushwa kwenye sufuria la chuma na kumiminwa kuwa chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Wavuvi walizipenda kwa sababu zilikuwa nzito na bei poa. Mwenye tanuri alihama 2021, vumbi likabaki.

Mimi ni fundi maabara wa shule ya sekondari, na ndiye niliyekabidhiwa daftari. Nachapa hapa yaliyomo, nikiwa nimepunguza maneno, ili mtaa mwingine wenye tanuri la namna hii usipitie makosa yetu. Bei zote ni shilingi za Tanzania.

11 Juni 2023. Bunduki ya kupimia risasi

Mwanafunzi wa chuo anayefanya utafiti wake alikuja na kipimo cha eksirei cha mkononi. Kinafanana na bunduki kabisa: unakielekeza chini, unabonyeza, chini ya dakika moja kinakupa kiasi cha risasi kwa ppm, yaani miligramu kwa kila kilo ya udongo. Tulipima sehemu 46.

Penye tanuri kilisoma 38,000. Chini ya mwembe 21,000. Uwanja wa nyumba ya 2 ulikuwa na 3,900, wa nyumba ya 4 ukawa na 2,750, na kizingiti cha nyumba ya 6 kikasoma 180. Kwa kulinganisha, Marekani kwa miaka mingi ilitumia 400 kuwa ukomo wa sehemu wanapochezea watoto, na 2024 ikashusha kiwango cha kuanza kuchunguza hadi 200. Nyumba sita kati ya kumi na moja zilipita 400.

Habari njema ilikuwa moja. Tulichimba vishimo vidogo vitano na kupima kila sentimita kumi kwenda chini. Isipokuwa penye tanuri na chini ya mwembe, namba ilianguka sana baada ya sentimita 15 hivi. Risasi hung'ang'ania udongo wa juu, haizami haraka. Ubaya wake ni kwamba haiozi wala haiyeyuki kwa muda. Ukiiacha, wajukuu wataikuta.

2 Julai 2023. Mkutano wa mtaa

Nilianza vibaya. Nikasimama na kusema, "Ndugu zangu, mtaani kwetu kuna risasi nyingi, na tayari tumezipima kwa bunduki." Akina mama wawili wakanyanyua watoto. Ilibidi mjumbe aingilie kati kueleza kuwa hakuna silaha. Ukiitisha mkutano kama huu, sema "madini ya risasi" au "sumu ya betri", na kile kipimo kiite kipimo.

Wazee walitaka kujua kama kweli vumbi linaweza kudhuru mtu ilhali wao walifanya kazi pale na wako hai. Nikawasimulia Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ubavuni mwa makazi ya watu wapatao 3,000 kati ya 2007 na 2014. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho. Mtoto wake aliugua, akapimwa, akakutwa na risasi mwilini, naye akaanza kupiga kelele. Nikawaeleza pia Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, ambako 2010 zaidi ya watoto 400 walikufa kwa vumbi la mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi. Mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano ya mtu mzima, na mtoto ndiye anayetambaa chini na kulamba vidole.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya tanuri akaniuliza kimya kimya baada ya kikao, "Mwalimu, hizi ganzi za vidole zinatokana na hiyo?" Nikamwambia aende hospitali akapimwe, sikuwa na jibu lingine.

30 Julai 2023. Damu

Watafiti walipima watoto 14. Kwa ruhusa ya wazazi naandika namba bila majina: wa chini kabisa 6, wa juu 31, kwa maikrogramu katika desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, kuanzia 5 chanzo kitafutwe na kuondolewa, na dawa ya kutoa risasi mwilini ianze kufikiriwa kwa mtoto anayefika 45. Kwa hiyo hakuna mtoto wetu aliyepewa dawa hiyo. Walipimwa upungufu wa damu, watatu wakapewa madini ya chuma, na wazazi wakashauriwa juu ya chakula, kwa sababu mwili wenye njaa ya chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi.

Kule Zamfara, madaktari walitibu watoto wa vijiji vilivyokwisha kusafishwa, kwani kumtoa mtoto risasi halafu kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kuchota maji kwa pakacha. Ndipo tukakubaliana kusafisha bila kusubiri mfadhili.

26 Agosti 2023. Kosa kubwa kuliko yote

Naliandika kwa urefu kwa sababu ndilo litakalomponza kila atakayeanza.

Tuliajiri vijana wanane, 15,000 kila mmoja. Mpango: kukwangua sentimita kumi za juu katika nyumba ya 2, kuweka kwenye mifuko ya sandarusi, kurundika penye tanuri. Tulianza saa mbili asubuhi. Udongo ulikuwa mkavu kama unga na kusi ilikuwa inavuma. Kufika saa nne, ukisimama barabarani, ulikuwa unaona wingu la kahawia linapita juu ya paa la nyumba ya 5 kuelekea ya 6 na ya 7. Kamba za nguo za nyumba ya 6 zilikuwa zimejaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale na daftari, nikihesabu mifuko. Aliyepiga kelele ni bibi wa nyumba ya 6, na alikuwa na haki.

Vijana walivaa barakoa za kitambaa zilizobaki wakati wa korona, ambazo kwa vumbi la namna hii ni mapambo tu. Jioni wakaenda nyumbani na nguo zile zile, na wawili wana watoto wachanga.

Wiki iliyofuata tulipima tena kizingiti cha nyumba ya 6. Kutoka 180 kilikuwa kimefika 610. Tulilipa 120,000 kuhamisha sumu kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Nikaenda kwa yule bibi, shikamoo, nikakaa kwenye mkeka, nikaomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, mlikuja kutuponya au kutugawia?" Nikanyamaza.

16 Septemba 2023. Maji kwanza, chepe baadaye

Utaratibu mpya, ambao hatukuubadilisha tena mpaka mwisho:

Boza la maji (60,000 kwa safari) linafika jioni ya kuamkia kazi. Uwanja unamwagiwa kwa keni ya kunyunyizia, taratibu, ili maji yaingie badala ya kutiririka. Asubuhi udongo unakuwa kama wa kufinyangia. Kazi inaanza alfajiri na inakoma saa nne, kabla upepo haujaamka. Ukiona vumbi, unasimama unamwagia. Barakoa ni za N95. Nguo za kazi zinabaki penye tanuri ndani ya pipa, zinafuliwa hapo hapo, na kila mtu anaoga kabla ya kuondoka. Glavu, buti, barakoa na maovaroli yalitugharimu 236,000, tukaona ghali. Ni rahisi kuliko kurudia yale ya nyumba ya 6.

Ndani ya nyumba hatukufagia. Tulideki kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia tambara, kuanzia chumba cha ndani kuja mlangoni, mara tatu kwa wiki. Magodoro ya watoto yalifutwa kwa kitambaa kibichi. Tulitupa mikeka miwili iliyokuwa imesheheni vumbi, na mwenye mikeka hakufurahi.

Kuku wote walifungiwa. Kuku wa kienyeji anachokoa udongo siku nzima, na risasi huingia mpaka kwenye yai. Kwa miezi kumi na minne hakuna aliyekula yai la mtaani kwetu.

21 Oktoba 2023. Mifupa ya samaki

Hili wazo lilikuwa langu. Fosfati ikikutana na risasi kwenye udongo, hufungamana nayo na kuwa madini magumu ambayo tumbo la mtoto haliyafyonzi kwa urahisi. Mji wa Oakland, California, mtaa wa South Prescott, waliwahi kutumia unga wa mifupa ya samaki kwa ajili hiyo. Nikawaza: mifupa ya samaki kwenye soko la Feri inatupwa bure, kwa nini tusitumie?

Tulichemsha magunia matatu, tukaanika. Mwenye mashine ya kusaga alikataa katakata, na sikumlaumu. Tukanunua kinu (kinu hicho kimeandikwa SUMU kwa rangi nyekundu, hakitatwanga tena chakula), tukaponda wenyewe, tukachanganya kwenye kipande cha nyuma ya nyumba ya 4.

Usiku wa kwanza walikuja paka. Asubuhi wakaja kunguru, na anayewajua kunguru wa Dar anajua hawaji mmoja. Siku ya tatu mbwa wa getini kwa jirani alichimba shimo la kutosha kupanda mnazi. Udongo wa chini, ambao tungependa ubaki chini, ukawa juu. Harufu siielezi.

Tukaachana na mifupa, tukachukua mbolea ya Minjingu, ambayo ni fosfati ya mwamba kutoka Manyara na haimvutii paka. Mifuko minne, ikachanganywa na udongo wa bustani kwa jembe, ikawekwa na unyevu kwa wiki tatu.

Halafu nikapima tena kwa kile kipimo na namba ikawa ile ile, 1,300. Nilikata tamaa siku mbili, mpaka yule mwanafunzi wa chuo akanikumbusha kitu nilichopaswa kukijua: kipimo cha eksirei huhesabu risasi yote iliyopo, iliyofungwa na isiyofungwa. Fosfati haiondoi risasi. Kujua kama imefungwa unapeleka sampuli maabara, wanauweka udongo kwenye asidi inayofanana na ya tumboni, kwa joto la mwili, kisha wanapima kilichoyeyuka. Tulipeleka sampuli nane, 40,000 kila moja. Sehemu yenye Minjingu ilitoa karibu nusu ya ile isiyotiwa kitu. Inasaidia, lakini haitoshi peke yake. Tuliiacha kwenye bustani tu, na bustani yenyewe ikafunikwa.

Novemba na Desemba 2023

Vuli ya El Niño. Mvua haikutupa nafasi. Tulitia chokaa chini ya mwembe, mifuko 14, kwa sababu maji ya betri yalikuwa yameufanya udongo mchachu kiasi cha karatasi ya litmasi kuwa nyekundu papo hapo, na kwenye uchachu risasi hutembea. Mwembe wenyewe ulikuwa umekauka upande mmoja. Kazi nyingine hakuna.

20 Januari 2024. Udongo mbaya tuuweke wapi

Tulikuwa na mifuko 340 ya sandarusi. Kila aliyepita alikuwa na ushauri: tupeni dampo, mwageni mtoni, mpeni mtu wa kifusi. Mtu wa kifusi angeuza kwa anayejaza msingi wa nyumba, na hadithi ingeanza upya kwingine. Kusafirisha taka hatarishi kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na bei tuliyopewa na wenye magari yenye kibali ilizidi bajeti yetu yote. Kwa ushauri wa ofisa mazingira tuliamua sumu ikae ilipozaliwa, ila ifungiwe.

Mpango wa kwanza ulikuwa shimo. Tulipofika mita moja na robo tukakuta udongo umelowa maji. Huwezi kuzika risasi kwenye maji. Tukafukia, tukajenga juu: kizimba cha matofali cha mita tatu kwa nne, sakafu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, nailoni nzito tabaka mbili, chokaa, mifuko ikapangwa kama matofali mpaka kimo cha kiuno, nailoni tena, na juu yake zege la sentimita kumi lenye wavu wa chuma, likitokeza sentimita thelathini kila upande. Saruji mifuko 12. Pamoja na wavu, kokoto na fundi, zege lilikula 602,000. Mrithi wa kiwanja chenye tanuri alichangia 1,500,000 kwenye mradi mzima na kusaini mbele ya serikali ya mtaa kwamba hapatajengwa wala kuchimbwa.

9 Machi 2024. Mchanga, halafu moramu

Hapa narudi nyuma kidogo. Mwezi Septemba tulikuwa tumefunika nyumba ya 2 na ya 4 kwa mchanga safi, fuso mbili, 300,000. Ulipendeza. Ilipofika Januari kipimo kilisoma 900 mbele ya mlango wa nyumba ya 4, na mchanga haukuwepo.

Hakuna aliyeuiba. Kila alfajiri, mama mwenye nyumba anaamka na fagio la chelewa, anafagia uwanja kuanzia mlangoni hadi barazani kwa jirani, mpaka mistari ya fagio inaonekana kama nywele zilizochanwa. Ndivyo alivyolelewa, na mgeni akikuta uwanja haujafagiliwa atasema nini? Kwa miezi minne mchanga wetu ulikuwa unasogezwa kiganja kwa kiganja mpaka kwenye mtaro.

Katika kijiji cha Dong Mai, Vietnam, walikochakata betri kwa miaka mingi, nyua zilifunikwa kwa kitambaa maalumu, udongo safi uliobanwa, na sehemu nyingine matofali. Sisi tulitumia moramu. Chini yake tulitandaza sandarusi zilizopasuliwa, ili atakayechimba kesho akikutana nazo ajue amefika kwenye mpaka. Fuso nane kwa nyumba sita, 1,440,000. Mashine ya kushindilia tulikodi siku mbili, 160,000. Unene sentimita 15 baada ya kushindiliwa, na mbele ya kila mlango mita mbili za zege jembamba. Kando kando tulipanda ukoka.

6 Mei 2024. Baada ya Hidaya

Masika ilikuwa kali, na kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani kupitia Mafia, mvua ilituamkia kweli. Kizimba kilisimama. Moramu ya nyumba ya 3 ilichimbwa na maji ya bati kwa sababu hatukuweka mifereji ya paa. Sandarusi zilionekana kama mbavu. Mifereji na mtaro wa mawe: 210,000. Tungeiweka Machi, tungeokoa fuso moja.

14 Julai 2024. Fagio

Kikao cha akina mama, wao kwa wao, mimi nilialikwa dakika kumi. Nilikuwa nimejiandaa kusema wasifagie. Mwenyekiti wao akanikata: kufagia hakuachwi. Wakatunga lao: kila mmoja anyunyize maji kwanza kwa mkono kutoka kwenye ndoo, afagie majani tu kwa fagio laini, taka ziende kwenye pipa badala ya mtaroni. Bibi wa nyumba ya 6 ndiye anayepita kukagua, na hana mzaha. Chelewa zimebaki za kuondolea utando wa buibui.

Watoto walipimwa tena mwezi huo huo. Aliyekuwa 31 ana 17. Aliyekuwa 6 yuko chini ya 5. Mmoja wa nyumba ya 9 alipanda kutoka 11 hadi 14, tukashangaa, kwani uwanja wao ulikuwa na 240 tu. Tuliingia ndani na kipimo. Chini ya kitanda palikuwa na ndoo ya chubwi, zaidi ya kilo ishirini, alizowahi kununua baba yake kwa ajili ya nyavu. Mtoto alikuwa anachezea, anazipanga kama magari. Ndoo imehamia bandani, ina kifuniko na kufuli.

15 Desemba 2024

Mahakama ya Juu ya Kenya imerudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa watu wa Owino Uhuru, iliyoamuliwa mara ya kwanza 2020 na kutenguliwa 2023. Tuliisoma kwa sauti kwenye kikao. Wengine walipiga makofi, mzee wa vidole vya ganzi akauliza sisi tumshtaki nani. Mwenye tanuri alikuwa jirani yetu, alilipa karo za watoto wa watu hapa.

12 Januari 2025. Hesabu na yaliyobaki

Jumla imetumika 4,654,000. Nyumba zilichanga 1,650,000 kwa awamu, mrithi 1,500,000, na iliyobaki imetoka msikitini, kanisani na kwenye mkopo wa vikoba ambao bado tunalipa. Zilizopotea bure kabisa ni 455,000: vibarua wa siku ya vumbi, mchanga, mifupa na kinu chake.

Vipimo vya uso wa udongo leo: nyumba ya 2 ni 65, ya 4 ni 80, kizingiti cha nyumba ya 6 ni 110. Nyumba ya 3 ina 190 penye kona ya mfereji, tutaongeza moramu ukipita msimu. Zege la kizimba lina ufa wa unene wa uzi upande wa mashariki. Nimeuchora kwa kalamu ya rangi mwanzo na mwisho wake, na tarehe, nione kama unatembea. Nyumba ya 11 mwenyewe yuko safarini na mpangaji hana ruhusa ya kugusa uwanja. Unasoma 430. Mpangaji ana mtoto wa miezi minane, na ameanza kutambaa wiki iliyopita. Tumempa mkeka mkubwa wa plastiki na ndoo mbili, na jana mjumbe amempigia mwenye nyumba kwa mara ya tatu.